Kaptula za mvua kwa baiskeli za milimani wakati wa baridi: maji yanayokulowesha yanatoka chini

#1 Mleta uzi, Glasgow

Wakuu, habari za majukumu.

Tangu Novemba iingie nimeulizwa swali hilihili na watu watatu: ninunue kaptula gani isiyopenya maji ili baridi isinifungie baiskeli ndani hadi Aprili? Badala ya kujibu mmoja mmoja, nimeona niweke hapa yote ninayoyajua, na wenye kujua zaidi waongeze.

Mimi nipo Glasgow na huu ni msimu wangu wa saba wa baridi kwenye tope la Uskoti. Katikati ya wiki nikipata nafasi napanda Cathkin Braes, kilima cha kusini mwa jiji kilichotumika kwa mbio za baiskeli za milimani kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2014. Jumamosi tunakwenda Glentress, karibu na Peebles, ambako Mwingereza Tom Pidcock alichukua ubingwa wa dunia wa baiskeli za milimani Agosti 2023. Ukienda huko Januari unakuta nyuzi 3 au 4, rasharasha isiyokatika, majani yaliyooza na madimbwi ambayo hujui kina chake hadi tairi la mbele lizame. Jua la Desemba linatua saa kumi kasorobo jioni, kwa hiyo ukilowa mapema hakuna joto lolote la mchana litakalokukausha.

Msimu wangu wa kwanza nilinunua kaptula nyepesi iliyoandikwa kwamba haipenyi maji. Nikaenda nayo msituni siku moja ambayo haikunyesha hata tone. Baada ya dakika 40 makalio yalikuwa yametota kama nimekaa kwenye beseni, na kabla ya kufika kwenye gari nilikuwa natetemeka. Mapaja kwa mbele yalikuwa makavu kabisa. Nilipoiangalia ile kaptula nyumbani ndipo nikaelewa jambo ambalo natamani kila anayeanza alielewe kabla hajatoa hela: kwenye baiskeli ya milimani adui wako mkubwa ni gurudumu la nyuma, mvua ni ya pili.

Gurudumu likizunguka linabeba maji na kuyarusha kwa mwendo uleule unaokwenda wewe. Ukiwa kwenye kilomita 15 kwa saa, tone lililorushwa wima linaweza kupanda karibu sentimita 90 juu ya pale lilipochomokea. Kwenye kilomita 20 kwa saa linapanda zaidi ya mita moja na nusu. Tandiko lako liko kama mita moja kutoka ardhini, hivyo mwendo wa kawaida tu kwenye tambarare unatosha kukupiga bomba la maji ya tope kuanzia chini ya makalio hadi katikati ya mgongo. Ukipanda mlima taratibu hupati kitu. Ukiteremka unaoga.

Halafu, maji yakishafika pale, wewe mwenyewe unayakalia. Hapo ndipo kaptula nyingi zinaposhindwa, na hapo ndipo namba za kwenye lebo zinapokuwa na maana.

Lebo itakuandikia 5,000 au 10,000 au 20,000, pengine kwa ufupi 10K au 20K. Hizo ni milimita za nguzo ya maji: unasimamisha maji juu ya kitambaa na kuangalia yatafika urefu gani kabla hayajaanza kupenya. Mvua inayokuangukia haina nguvu ya kufika huko, ndiyo maana hata koti la 5,000 linaweza kukufaa ukisubiri basi. Ila kalia tandiko. Chukua mtu ambaye kilo 45 za uzito wake ziko kwenye tandiko na zimetandazwa kwenye sentimita za mraba 100. Hiyo ni karibu nusu kilo kwa kila sentimita ya mraba, sawa na nguzo ya maji ya mita 4.5, yaani 4,500. Na uzito hautandazwi sawasawa, unakusanyika kwenye ile mifupa miwili ya kukalia, kwa hiyo pale penye mifupa mgandamizo unaweza kuwa mara mbili au tatu ya huo. Hesabu yangu ni ya makadirio, lakini inaeleza kwa nini kaptula ya 5,000 ilinitia maji bila mvua. Tangu siku hiyo sinunui chini ya 10,000, na kwenye makalio nataka 20,000.

Namba ya pili kwenye lebo ni ya kupumua: gramu ngapi za mvuke zinapita kwenye mita moja ya mraba kwa saa 24. Hii msiiabudu. Njia za kuipima zinatofautiana, kwa hiyo 15,000 ya kampuni hii si lazima iwe bora kuliko 10,000 ya ile. Kwenye kaptula, mimi naona matundu ya zipu pembeni ya mapaja yanafanya kazi kubwa kuliko namba hiyo.

Sasa safu. Kitambaa kisichopenya maji ni utando mwembamba sana uliogandishwa kwenye kitambaa cha nje. Safu mbili maana yake utando uko wazi kwa ndani na umewekewa bitana inayoning'inia. Ikishika jasho bitana hiyo inakunatia mapajani. Safu mbili na nusu ina upako tu kwa ndani, nyepesi, inakunjika ikaingia mfukoni, lakini upako huo unasuguliwa na kila mzunguko wa pedali. Safu tatu ina kitambaa chembamba kilichogandishwa ndani pia, kwa hiyo utando umefunikwa pande zote mbili. Ni nzito kidogo na bei iko juu. Kwa kaptula ya baridi ya kuvaa kila wiki mimi nachagua safu tatu bila kufikiria mara mbili. Ya safu mbili na nusu iache kwa ajili ya kubeba kwenye mkoba siku za Septemba.

Mishono. Kila tundu la sindano ni mlango. Kuna kaptula zilizobandikwa tepu mishono yote na kuna zilizobandikwa ile tu ambayo mtengenezaji ameona ni muhimu. Igeuze ndani nje dukani uangalie mwenyewe, hasa mshono unaopita katikati ya makalio na ule wa msambani. Bora zaidi ni kaptula ambayo pale unapokalia hakuna mshono kabisa, ni kipande kimoja kikubwa cha kitambaa kinachopita chini. Nikikuta kaptula ya namna hiyo, nusu ya uamuzi wangu imeshafanyika.

Kiuno cha nyuma kiwe kirefu, kifike juu ya mfupa wa kiuno. Ukiinama kwenye usukani kaptula inashuka na koti linapanda, na pengo linalobaki ndilo shabaha ya gurudumu. Urefu chini ufunike sehemu ya juu ya pedi za magoti ukiwa umekaa na goti limekunjwa, usiupime ukiwa umesimama mbele ya kioo. Na ukiijaribu, vaa ile ya ndani yenye sponji uliyozoea kuendeshea, kisha chuchumaa na nyanyua mguu juu ya kiti. Ikikuvuta mapajani, itakuvuta maradufu ikiwa imelowa tope.

Kwa nini kaptula na si suruali? Kwa sababu mguu wa chini unafanya kazi muda wote na unajipasha wenyewe, ngozi haifyonzi maji, na goti linahitaji uhuru. Mimi navaa kaptula ya safu tatu, chini yake soksi ndefu za sufu na pedi za magoti, basi. Siku ya baridi kali naongeza suruali ya kubana ndani.

Karibuni.

#2 Mchangiaji, Sheffield

Mkuu umefungua uzi wa maana sana. Naongeza la huku kwetu, kwenye vilima vya Peak District. Jiwe letu ni la mchanga mgumu wa chembe kubwa, wanalichonga mawe ya kusagia tangu zamani. Likisagika linakuwa mchanga unaokuja na maji, unaganda kwenye tandiko, na wewe unausugua kwa saa mbili. Ni msasa kabisa.

Kaptula yangu ya kwanza ya safu tatu ilivumilia misimu miwili. Msimu wa tatu nikaanza kusikia ubaridi kwenye vidoa viwili, kila kimoja ukubwa wa sarafu, palepale penye mifupa. Nilipoinua kwenye dirisha niliona mwanga unapita. Kitambaa cha nje kilikuwa kimelika, utando uko wazi. Kwingine kote ilikuwa kama mpya. Kwa hiyo ushauri wangu: tafuta iliyoongezewa kitambaa kigumu kwenye makalio, hata kama sehemu nyingine ni nyepesi. Na kabla ya kukaa baada ya dimbwi, pitisha kiganja kwenye tandiko upanguse mchanga. Ni sekunde mbili. Nimejizoesha na kaptula ya sasa iko msimu wa nne.

La pili, madigadi. Mkuu umeeleza vizuri gurudumu la nyuma lakini hukutaja dawa yake rahisi kuliko zote.

#3 Mleta uzi, Glasgow

Umenikamata, na ni kweli. Madigadi ya nyuma inapunguza maji kuliko kaptula yoyote. Niliiruka kwa sababu baiskeli yangu ina springi mbele na nyuma, na nguzo ya tandiko inashuka kwa kitufe. Nikishusha tandiko kwenye mteremko na springi ya nyuma ikajikunja hadi mwisho, tairi linaigonga madigadi ya kufungwa kwenye nguzo na kuivunja. Nimevunja mbili. Sasa natumia kile kipande kifupi cha plastiki cha kufunga chini ya tandiko, kinazuia sehemu ya katikati tu. Mwenye baiskeli isiyo na springi ya nyuma aweke madigadi ndefu leo hii, ataniletea shukrani. Ya mbele weka hata kama una kaptula ya bei ghali kiasi gani, kwa sababu inalinda macho.

#4 Mchangiaji, Nairobi

Wakuu niaje. Mimi naendesha msitu wa Karura na mara moja moja vilima vya Ngong. Mvua za Aprili tunapigwa kweli, na Julai asubuhi kule Limuru baridi inauma. Nimeangalia bei za hizo kaptula mtandaoni, ukiongeza usafirishaji na ushuru ni pesa nyingi sana. Je, nahitaji hii kitu, ama ni mambo ya huko Ulaya?

#5 Mleta uzi, Glasgow

Kaka, kwa Karura mimi ningeweka hela hiyo kwenye matairi. Nitakueleza sababu ili uamue mwenyewe.

Utando unapumua kwa sababu ndani kuna mvuke mwingi na joto kuliko nje. Tofauti hiyo ndiyo inayosukuma mvuke utoke. Huku kwetu ndani ni nyuzi 30 na kitu na nje ni 4, msukumo ni mkubwa. Kwenye mvua ya Aprili Nairobi, nje ni nyuzi 20 na hewa imejaa unyevu, msukumo ni mdogo, kwa hiyo utalowa kwa jasho badala ya mvua. Kaptula nyembamba ya polista inayokauka haraka, na madigadi, vinakutosha. Maji ya vuguvugu hayakudhuru. Kinachoumiza huku ni kulowa na upepo wa nyuzi 4 kwa pamoja ukiwa kilomita 10 kutoka kwenye gari.

Limuru Julai ni swali zuri zaidi. Kama unatoka asubuhi kwenye ukungu na umande wa chai, kuna kaptula za kawaida zenye kipande kisichopenya maji kwenye makalio tu. Hizo ndizo ningekushauri utafute.

#6 Mchangiaji, Nairobi

Hiyo ya kipande cha nyuma tu sikuwa nimeisikia. Nitamwonyesha fundi wangu wa nguo, pengine anaweza kushonea juu ya ile niliyo nayo. Asante sana bro.

#7 Mchangiaji, Cardiff

Naomba niseme kwa niaba ya wanawake, maana uzi mzima mmejadili kaptula kana kwamba nyonga ni za namna moja.

Mimi naendesha msitu wa Afan na kwenye vilima vya karibu na Merthyr. Misimu miwili nilivaa kaptula za kiume kwa sababu dukani za kike zilikuwa za majira ya joto tu. Kiuno kikinitosha, nyonga zinabana. Nyonga zikitosha, kiuno kinaacha pengo nyuma na maji yanaingia kwa juu, yanateremka yote hadi kwenye sponji. Mnajua uzito wa sponji iliyojaa maji? Inachubua. Niliumwa vipele vya kukalia wiki mbili sikuweza kupanda baiskeli.

Sasa ninachoangalia kwanza ni kiuno cha nyuma chenye lastiki na vibano vya velkro pembeni. Velkro nyingine ni laini sana, tope likiingia haishiki tena, kwa hiyo ivute kwa nguvu dukani uone. Pili, zipu za pembeni ziwe upande wa nje wa paja na si mbele, kwa sababu mbele zinakunjika tumboni ukiinama. Na jambo ambalo wanaume hamlifikirii: kwenda haja msituni ukiwa na kaptula ya mikanda ya mabegani chini ya kaptula ya mvua, kwenye nyuzi 3, ni kuvua nusu ya nguo zote. Vaeni ya ndani isiyo na mikanda, dada zangu. Kuna suti za kipande kimoja kama zile za Dirtlej za Ujerumani, rafiki yangu anazo na anazipenda, zinazuia tope kila mahali. Mimi kwa sababu hiyo niliyoitaja sijashawishika.

#8 Mchangiaji, Bergen

Nawasoma kwa makini, ila mleta uzi kwenye suala la suruali napingana nawe.

Huku Bergen inanyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka. Nimezaliwa Tanga, nimeishi huku miaka kumi na moja. Goti halina nyama. Ni mfupa, kano na ngozi. Unasema mguu wa chini unajipasha, ni kweli kwa misuli ya shavu la mguu, si kweli kwa goti linalopigwa na maji ya nyuzi 2 na upepo wa mteremko kwa dakika ishirini. Niliendesha na kaptula misimu mitatu nikijiona shujaa, na kila Februari magoti yalikuwa yananiuma nikipanda ngazi. Nilipohamia suruali ya mvua yenye magoti yaliyokatwa kwa kukunja na mguu wa chini mwembamba, maumivu hayajarudi. Suruali za zamani zilikuwa mapipa, zinanasa kwenye mnyororo. Za sasa zimekatwa vizuri na unaingiza pedi za magoti ndani yake.

Na usafi. Nikifika nyumbani navua suruali mlangoni, mguu mkavu, naingia. Wewe unaoga kwa bomba nje kwanza.

#9 Mleta uzi, Glasgow

Mkuu wa Bergen, hoja ya goti naipokea. Mimi pedi za magoti navaa kila safari, na kumbe ndizo zinazonikinga baridi bila mimi kuzihesabu. Mtu asiyevaa pedi asinifuate kwenye kaptula tupu.

Ila nakaa kwenye msimamo wangu kwa safari zetu za hapa. Glentress unaanza na kupanda karibu saa nzima. Nikiwa na suruali, nikifika juu nimelowa kwa ndani, kisha naanza kuteremka nikiwa na jasho linalopoa. Kwenye kaptula joto linatoka kwa magoti na mashavu ya miguu, nafika juu nikiwa mkavu kiunoni. Suruali haifungukii huko hata ikiwa na zipu. Kwa hiyo mimi najigawia hivi: safari ya kupanda sana na ya chini ya saa mbili na nusu, kaptula. Safari ndefu, au thermomita ikishuka chini ya 2 na kuna mvua, suruali. Na kama ni sakitu kavu, ardhi imeganda na hakuna maji, situmii cha mvua chochote, kaptula ya kawaida na suruali ya kubana ndani vinatosha. Siku hizo za kuganda ndizo siku nzuri kuliko zote za msimu, tope limekuwa saruji.

#10 Mchangiaji, Leeds

Kaka na dada zangu, mimi ni mwanafunzi, nina miezi mitatu tu hapa nchini. Nimenunua baiskeli ya mtumba na nina pauni 40 za nguo. Kaptula mnazozitaja nimeona zinaanzia pauni 50 na za safu tatu zinafika 150 hata kupita. Nifanyeje? Nisubiri hadi majira ya joto?

#11 Mchangiaji, Sheffield

Usisubiri, mdogo wangu. Kwanza madigadi mbili za plastiki, hazitakumaliza pauni 20. Zilizobaki tafuta kaptula ya mtumba mtandaoni. Watu hapa wananunua Oktoba na kuuza Februari bila kuzivaa mara tano.

Ukiipata muombe muuzaji picha tatu. Ya kwanza makalio yakiwa yameinuliwa dhidi ya mwanga, uone kama kuna vidoa vyembamba. Ya pili ndani, tepu za mishono: zikiwa zimeanza kunyanyuka kwenye ncha, achana nayo, huwezi kuzirudisha vizuri. Ya tatu ndani ya kiuno na msamba: kama upako unabanduka vipande vipande kama ngozi iliyoungua jua, utando umekufa. Kitambaa cha nje kuonekana kinalowa haraka si tatizo, hilo linatibika kwa kufua.

#12 Mchangiaji, Cardiff

Hapo kwenye kufua naomba nisisitize, maana nimeona watu wakitupa kaptula nzima.

Nje ya utando kuna upako unaofanya maji yabiringike kama kwenye jani la gimbi. Ukichoka au ukijaa tope na mafuta ya ngozi, kitambaa cha nje kinafyonza maji. Maji hayajapenya ndani bado, lakini kaptula inakuwa nzito, baridi, na mvuke wako hautoki kwa sababu njia imezibwa. Mtu anahisi unyevu ndani anasema imevuja. Mara nyingi ni jasho lake.

Fua kwa nyuzi 30 kwa sabuni ya maji ya nguo za aina hiyo. Mimi natumia ya Nikwax, wengine Grangers. Usitie kilainishi wala jiki. Suuza mara mbili. Kisha soma lebo: kama inaruhusu mashine ya kukaushia, weka joto la chini dakika ishirini, joto linauamsha upako. Kama bado maji hayabiringiki, ndipo unanunua dawa ya kurudishia.

Na zamani upako huu ulitengenezwa kwa kemikali za florini zinazokaa kwenye maji na udongo miaka na miaka. Ufaransa imepiga marufuku kuuza nguo mpya zenye hizo kuanzia Januari 1, 2026, isipokuwa nguo maalumu za kinga, na hata Gore-Tex, watengenezaji wa utando, tangu 2022 wameanza kuhamia utando wa poliethilini. Nafurahi kwa hilo, sisi ndio tunaoendesha juu ya vyanzo vya maji. Ila upako mpya hauvumilii mafuta kama wa zamani. Nguo ya sasa ukiifua mara nyingi inakaa vizuri, ukiiogopa maji ya sabuni inakufa mapema. Tope lenyewe litoe kwa bomba la kawaida, msilipige kwa mashine ya presha, inasukuma mchanga ndani ya tepu.

#13 Mleta uzi, Glasgow

Dada wa Cardiff ameeleza kuliko ambavyo ningeeleza mimi.

Mdogo wetu wa Leeds, nikupe na kipimo changu cha nyumbani. Lowesha taulo, likunje, liweke kwenye kiti cha mbao. Vaa kaptula, na ndani yake, juu ya nguo ya ndani, weka karatasi ya chooni mbili tatu pale unapokalia. Kaa dakika kumi na uzungushe makalio kama unaendesha. Karatasi ikitoka kavu, kaptula ni nzima. Ikitoka na vidoa, utaona hasa panapovuja: kwenye mshono au kwenye kitambaa. Kwa wanaonunua mpya dukani, kipimo hiki fanyeni mapema, mkisharidhika na saizi. Sheria ya haki za mlaji ya Uingereza ya 2015 inakupa siku 30 za kuikataa bidhaa mbovu na kurudishiwa hela yote, na kaptula ya mvua inayovuja ni mbovu.

#14 Mchangiaji, Bergen

Hicho kipimo nimekifanya sasa hivi na suruali yangu ya miaka mitano. Goti kavu, makalio vidoa viwili. Nimekubali, tatizo liko palepale mlipolisema.

#15 Mchangiaji, Leeds

Wakuu narudi na mrejesho. Nimepata kaptula ya mtumba ya safu tatu kwa pauni 22, mwanamke aliyeniuzia alinitumia picha zote tatu bila kinyongo. Upande wa kulia tepu ilikuwa imenyanyuka kidogo karibu na mfuko, si kwenye makalio, nikaona niichukue. Nimeifua kama dada alivyosema. Karatasi imetoka kavu.

Leo nimeenda nayo kwenye msitu wa karibu, saa moja na nusu, mvua ya manyunyu na tope la kufika kwenye ekseli. Viatu vimejaa maji, soksi nimezikamua kama deki. Kiunoni kukavu. Sasa naomba mnielekeze kuhusu miguu: soksi zisizopenya maji, au viatu?

#16 Mleta uzi, Glasgow

Soksi. Viatu vya mvua maji yakishaingia kwa juu hayatoki, unaendesha na ndoo mbili. Soksi za utando, kama za Sealskinz, zivae juu ya nyembamba ya sufu, na hakikisha kiatu kina nafasi ya kuchezesha vidole, kwa sababu kikibana damu haizunguki na utaganda hata ukiwa mkavu. Shingo ya soksi iwe ndefu, iingie chini ya pedi ya goti, maana pedi ikiwa juu yake maji yanateremka nje badala ya ndani.